Mahindi Darajani

Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu arudi mgodini, nisimsingizie mtu. Ilikuwa wiki ya sita ya mgomo, na kulitamka tu neno hilo ilikuwa kifungo. Jenerali kule Madrid alipanga mishahara yetu kwa kalamu, bei ya mkate ikapanda kila mwezi, na binti yetu Aurina alishaanza kutafuna ukosi wa gauni lake kwa njaa.

"Nenda, Celesto. Hiyo heshima yenu nitaipika na nini?"

Akavaa buti, akatoka.

Kulipopambazuka nikamfuata kwa mbali. Wachimbaji kumi na wanne walikuwa nyuma yake. Akiingia yeye, wanaingia wote. Pale kwenye daraja la mgodi wanawake wa bonde zima walikuwa wamesimama, mvua ikiwanyeshea. Mbele yao, mama mkwe wangu Herminia, mjane ambaye mumewe alibaki chini ya makaa. Aproni yake ilijaa mahindi. Nikayatambua: yalikuwa ya mwisho nyumbani!

Kwetu msaliti wa mgomo humwagiwa mahindi miguuni, adonoe kama kuku. Lakini mama amfanyie mwanawe wa kumzaa? Sijapata kuona.

"Mama, nipishe. Usinitie aibu."

"Aibu umeivaa mwenyewe asubuhi hii, mwanangu. Haya, donoa."

Akaiachia aproni. Punje zikarukia buti za mwanawe. Hakuna aliyecheka. Celesto akazitazama punje, kisha akageuka, na wale kumi na wanne wakageuka naye.

"Nani kamwaga huu uchafu?" koplo wa askari waliolinda daraja akafoka. "Atalala ndani leo!"

Herminia hajajibu, mwanamke wa kushoto kwake akaiachia aproni yake, mahindi yakamwagika. Akafuata wa kulia. Kisha wote, wanawake ambao najua majumbani mwao hamkuwa na hata ganda la kiazi. Barabara ikawa ya njano. Loo! Nilidhani nawajua majirani zangu, kumbe sikuwajua hata kidogo.

Mfukoni nilikuwa na konzi moja ya mahindi niliyomfichia Aurina tangu jana. Koplo akaja, akasimama mbele yangu.

"Na wewe?"

Nikautoa mkono mfukoni, nikaufungua, punje zikaangukia zile za wenzangu.