Kafili wa Nduguye

Thuwaini bin Hamoud alikuwa mtu wa kuwacheka Wazungu kwa kutojua nasaba. "Mzungu ukimuuliza babu wa babu yake anakutolea macho," akimwambia mkewe Rahila. "Sisi hapa mtoto wa miaka saba anakuhesabia mababa tisa bila kuvuta pumzi." Basi Mungu si Athumani, akamletea mpangaji wa kumkomesha.

Mpangaji mwenyewe Karl Lenhart, Mmarekani wa makamo, mrefu, masikio mekundu, aliyekuja Ibra, mji wa Oman, mwaka 2005 kufundisha Kiingereza chuoni. Alipanga orofa ya juu ya nyumba ya Thuwaini. Mchana yuko darasani. Jioni hana pa kwenda, maana Ibra jua likishazama nawe huna ukoo wa kukualika, utakwenda wapi? Akawa anashuka barazani kunywa kahawa. Thuwaini, aliyesoma Kiingereza skuli Kigoma kabla hajaijua Oman kwa macho, alifurahi kupata wa kukinoa naye.

Maradhi ya Karl yalikuwa kutafuta wazee wake. Walikuwa Wajerumani waliohamia Amerika zama zile Amerika bado koloni la Mwingereza, na yeye aliwafukua kwa bidii ambayo wengine hufukulia dhahabu. Aliyaandikia makanisa ya Ujerumani, aliyaandikia ya Pennsylvania, alikaa kwenye kompyuta mpaka macho yakafanana na masikio. Kila akishuka barazani ana mzee mpya amemfufua.

"Leo nani?" Thuwaini akamtania jioni moja. "Mwashi au mwokaji mikate?"

"Leo ndugu wawili," Karl akasema, wala hakucheka. "Jost na Velten. Walipanda meli na baba yao mwaka 1749, wakikimbia njaa ya kwao. Baba akafa baharini. Meli ilipofika Philadelphia nahodha akakataa kuwashusha: nauli ya maiti ilipwe na walio hai. Jost alikuwa kijana wa miaka ishirini, Velten kumi na moja. Basi Jost akatia alama yake kwenye mkataba, mdogo akachukuliwa na mkulima amtumikie mpaka awe mtu mzima, na nauli ya wote ikawa imekwisha. Jost akashuka huru. Akamwambia nduguye, nikipata ardhi nitakuja kukutoa."

"Akaja?"

"Ardhi aliipata. Nzuri sana. Mimi nimekulia humo."

"Nimekuuliza, alimwendea mdogo wake?"

"Sioni dalili. Nawatafuta wajukuu wa Velten, kama wapo. Nataka kuwaambia."

"Kuwaambia nini, bwana wee! Miaka mia mbili na ushei, mifupa yenyewe imeshakuwa udongo. Tena si wewe uliyemuuza."

"Sikumuuza," Karl akasema. "Lakini nimekula."

Thuwaini akacheka. Akacheka kwa nguvu hata Rahila akachungulia dirishani kuna nini. Kisha akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani na isha haijaadhiniwa.

Kichwa hakikumuuma. Kilichomuuma kilikuwa Izki, kwenye shamba la mitende la marehemu baba yake, na jina lake Himid.

Haya, tuseme waziwazi, maana mambo haya ukiyazungushia maneno yanazidi kunuka. Mzee Hamoud alikuwa na duka Ujiji, na alioa wake wawili, wote kwa ndoa ya halali. Mkubwa alikuwa Mwarabu mwenziwe, akamzalia Thuwaini. Mdogo alikuwa Muha, mwanamke mpole aliyempakata Thuwaini kama wake wa tumboni, akamzalia Himid. Watoto walilala mkeka mmoja, wakala sahani moja, wakachapwa kwa kosa moja. Mwaka 1972 mzee akarudi Oman na mke mkubwa na Thuwaini. Mke mdogo hakutaka kuwaacha wazazi wake, na Himid akabaki na mama yake. Mzee alikuwa kila mwaka akisema, humo ndani ya nyumba tu, kwamba mwakani atamleta Himid. Mauti yakamfika mwaka 1991 hajamleta.

Siku ya mirathi, Shekhe Majid wa kabila lao alimuuliza Thuwaini mbele ya watu wa Izki: marehemu ana mwana mwingine? Shamba si kubwa, lakini lina zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa mji mzima, na maji Izki ndiyo roho ya mtu. Tena kulikuwa na jingine, baya kuliko tamaa ya shamba. Watu wale walikuwa bado wakimwita yeye "Zinjibari", na Zanzibar yenyewe hajapata kuikanyaga. Wakikipima Kiarabu chake, wakimtazama nywele. Leo asimame aseme ana ndugu mweusi, mama yake Muha, huko Ujiji? Thuwaini akasema, "Hapana. Ni mimi peke yangu." Neno lenyewe lilimtoka jepesi, wala halikumkwama.

Baada ya miaka miwili mama yake Himid akafariki, na Himid akapiga simu: "Kaka, nimebaki mwenyewe. Nichukue." Thuwaini alilia kwa furaha, tusimnyime haki yake. Lakini kumleta kama ndugu ni kwenda kwa Shekhe Majid kukiri alisema uongo juu ya mali ya maiti. Akatafuta njia ya mkato. Akamtolea Himid viza ya kazi: mfanyakazi wa shamba, na kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini serikalini, Thuwaini bin Hamoud.

"Ni kwa muda tu, mdogo wangu," alimwambia siku ya kumpokea. "Uingie kwanza. Mengine tutayatengeneza ukiwa ndani."

Himid akaitikia, maana kaka kasema. Muda ule ukawa miaka kumi na miwili. Kila bataka yake, kile kitambulisho cha ukaazi, ilipokwisha, Thuwaini alitia sahihi tena kwamba huyu ni mtu wangu wa kuajiriwa. Himid akapanda mitende, akachavusha, akazibua mifereji, katika shamba lenye fungu lake mwenyewe. Mbele za watu alimwita Thuwaini "arbabu" kama wafanyakazi wote wanavyowaita mabwana zao. Wakiwa peke yao alimwita kaka. Mke hakuoa, nani Izki angemposesha binti yake mtunza mitende wa mtu?

Sasa ikatokea Karl akaomba kuona uvunaji wa tende. Ijumaa moja ya mwezi wa saba Thuwaini akampakia, wakaenda Izki. Wakamkuta Himid juu ya mtende, kamba kiunoni, anateremsha mashada ya tende. Akashuka, akanawa, akawatandikia mkeka, akawaletea tende mbichi na kahawa, kisha akakaa kando kama anavyokaa mtu wa kazi. Karl akamtazama, akamtazama Thuwaini, akamrudia tena Himid.

"Huyu nani?"

"Mfanyakazi wangu."

"Mnafanana sana. Hata mnavyokaa."

"Amekaa nasi siku nyingi," Thuwaini akajibu, na akajisikia uso unamwaka moto. Lo, jibu gani hilo! Kwani mtu akikaa nawe anaota pua yako? Na Himid alikuwa na Kiingereza cha skuli ileile ya Kigoma. Alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa akawa anachambua tende zilizopondeka.

Walipokuwa wanaondoka Himid akamfuata hadi garini, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Bataka yangu inakwisha mwezi wa kumi. Ofisini wameniambia nimeshatimiza sitini, haifanywi tena upya. Itabidi niondoke."

"Utakwenda wapi?"

"Kigoma. Nyumba ya mama ilishaanguka, lakini kiwanja kipo."

"Tutaona la kufanya."

"Nakuarifu tu, arbabu," akasema Himid, kwa kuwa Karl alikuwa amesimama pale.

Njia nzima kurudi Ibra Karl hakuuliza kitu. Thuwaini alitamani aulize apate kumgombeza, amwambie mambo yetu huyajui, shughulika na Wajerumani wako. Mwenzake anatazama majabali tu. Na lile neno "nimekula" likawa linamzunguka Thuwaini humo garini kama nzi, kila akilifukuza linarudi kutua palepale.

Nyumbani akamweleza Rahila. Rahila alikuwa akilijua jambo lote tangu mwanzo, na mwanamke huyu ulimi wake haukupakwa asali.

"La kuvunda halina ubani, Thuwaini. Umelifukiza miaka kumi na minne, harufu iko palepale. Mimi kila Ramadhani nikifuturu tende za yule mtu naona haya kwa Mola wangu."

"Watu watanicheka."

"Wakucheke! Wakikucheka utakufa? Atakayekufa ni yeye, huko kwenye kiwanja kitupu, na baba yake kaacha shamba."

Thuwaini akalia mbele ya mkewe bila kujificha. Aliona uchafu wake wote siku ile. Hakuwa amemdanganya shekhe mara moja kisha basi. Alikuwa amedanganya kila asubuhi aliyoamka akanyamaza. Ijumaa iliyofuata akamchukua Himid shambani, akamwambia, "Vaa dishdasha safi. Tunakwenda kwa Shekhe Majid. Leo nasema kweli yote, nakupa na fungu lako."

Himid akavua kamba kiunoni. "Kwa nini leo?"

Na Thuwaini, kwa ule wepesi wa mtu aliyekwisha kata shauri, akamsimulia njiani habari za Jost na Velten, meli na nauli na ahadi. Alisimulia vizuri, hata sauti ikamtetemeka. Himid alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mdogo aliishia wapi?"

"Haijulikani."

"Ehe," akasema Himid, akageukia dirishani.

Baraza la shekhe lilikuwa limejaa. Wakasalimiana, wakaulizana habari na kujibiana habari za kheri, kahawa ikazunguka. Shekhe Majid alikuwa amezeeka, macho hayaoni vyema, lakini akili kamili. Thuwaini hakungoja kikombe cha pili. Akasimama, akasema kwa Kiarabu chake kilekile walichozoea kukipima:

"Ya shekhe, alipokufa baba uliniuliza kama ana mwana mwingine, nikasema hapana. Nilisema uongo. Huyu hapa ni Himid bin Hamoud, mwana wa baba yangu kwa ndoa ya halali. Fungu lake nimelila mimi. Nimemwingiza nchini kama mfanyakazi, na ni ndugu yangu."

Waliokuwepo Ujiji wakaijua ndoa ile wote walikwishatangulia mbele ya haki, hakuna wa kusema naam wala la. Shekhe akamgeukia Himid.

"Mwanangu, anayoyasema ni kweli?"

Himid alikuwa ameshika kikombe. Akakitikisa kidogo, dalili kwamba kahawa yatosha, akamrudishia mnyweshaji. Kisha akasema kwa Kiarabu cha shambani:

"Si kweli, shekhe. Mimi ni mfanyakazi wake tu. Bataka yangu inakwisha, na arbabu ana huruma, anatafuta njia nisiondoke."

Thuwaini alidhani hakusikia vizuri. "Himid! Unasema nini?"

"Nasema kweli, arbabu."

Shekhe Majid akatikisa kichwa, na machozi yakamlengalenga mzee wa watu. "Allah akulipe kheri, Thuwaini. Zama hizi nani anayemhurumia mfanyakazi wake kiasi hiki? Lakini nasaba haitolewi sadaka. Haijuzu."

"Wallahi ni ndugu yangu! Wallahi l-adhim, baba yetu mmoja!"

"Mashallah," wakasema watu. "Mashallah." Na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kumpenda. Mzee mmoja, aliyekuwa wa kwanza kumwita Zinjibari miaka ile, alinyanyuka kwa taabu akambusu paji la uso. Thuwaini akatamani ardhi ipasuke.

Walipofika garini Thuwaini hakutia ufunguo. Akaushika mkono wa Himid, machozi yanamchuruzika hadi kwenye ndevu.

"Mdogo wangu, umenistiri. Mimi nilikutupa, na wewe umejipoteza ili mimi nisiaibike mbele zao. Sikustahili. Wallahi sikustahili."

Himid akautoa mkono wake.

"Sikukustiri," akasema. Hakupaza sauti. "Miaka yote hii nilikuwa nakungoja. Kila ukija shambani nasema moyoni, leo atasema. Ungesema mwaka wa kwanza ningekubusu miguu. Ungesema mwaka jana, ningekusamehe na ningelia na wewe. Leo umesema kwa sababu Mzungu kakupa hadithi, usingizi ukakuruka. Unataka kuutua mzigo wako, na pa kuutua umepaona kichwani kwangu."

"Himid, nakuomba. Turudi ndani. Waambie kweli."

"Niwaambie nini? Wameniuliza kama wewe ni ndugu yangu. Nimejitazama, nikaona hapana."

Nje watoto wa baraza walikuwa wakipita na sahani za halua, wakawapungia mkono. Thuwaini hakuwa na neno hata moja ambalo angeweza kulisema na likaaminiwa, si mle barazani wala humu garini.

Himid akafunga mkanda, akatazama barabara.

"Kafili ndiye anayemkatia mfanyakazi tikiti ya kurudi kwao," akasema. "Nikatie ya kwenda tu."