Shati la Ngigi

Jumatatu asubuhi Wariara alishona shuka nne za hoteli zikawa kitambaa kimoja cha kuonyeshea filamu, akakitia buluu ya kung'arishia na wanga, akakipiga pasi ya makaa mpaka kikasimama chenyewe. Memsahib wa Milimani aliyemwajiri kufua ndiye aliyekuwa katibu wa tamasha la filamu, juma zima la kazi za vijana wa ng'ambo wanaoanza kujitafutia jina. Mwaka huo ulikuwa 1955. Wazungu wa Nakuru na Njoro walikuwa wamechoshwa na Hali ya Hatari, maskini, wakataka kutazama kitu kizuri.

Watumishi waliruhusiwa kutazama wakiwa kwenye stoo nyuma ya jukwaa, upande wa pili wa kitambaa, ambako maandishi yanaonekana kinyume. Wariara hakujua kusoma, kwa hiyo hakupungukiwa na kitu.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mwokaji mikate wa Italia. Katikati yake Ngigi, mume wa Wariara, alitokea mlangoni mwa duka akasimama. Alivaa shati la kaki lile lile alilokamatwa nalo Njoro miaka miwili nyuma. Kifuani lilikuwa na tundu la risasi lililozungukwa na damu nyekundu, ingawa filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, na uso wake ulijaa udongo. Mwokaji alimpisha, akaendelea kukanda unga. Kesho yake Ngigi alikuwa nyuma ya bibi harusi katika filamu ya Bara Hindi, kisha akaonekana kando ya barabara katika ile ya msichana wa Denmark anayejifunza baiskeli.

Muhidin, aliyeendesha mashine, alizikagua filamu zote dirishani.

“Huku hayuko,” akamwambia Wariara. “Yuko kwa kitambaa yako.”

Katika kambi alikofungwa walikuwa wamesema Ngigi alitoroka na kuingia msituni. Kwa sababu hiyo mama yake, Wanjugu, alizuiliwa nyuma ya seng'enge mpaka mwanawe ajisalimishe. Wanjugu alikuwa mzee na kifua kilimsumbua, na kila Jumapili Wariara alipompelekea uji alimkuta amepungua. Kama kungekuwa na maiti, angeachiliwa. Maiti haikuwepo.

“Sasa iko,” Muhidin akasema. “Jumamosi mkuu wa kambi anakuja kutoa zawadi. Akiona hiyo tundu na macho yake, atasema nini? Mtu na risasi ya kifua hakai msituni. Wewe usiguse hiyo kitambaa, mama.”

“Siigusi,” Wariara akasema.

Ijumaa upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, likajaa ukumbini. Memsahib hakupenda.

“Wewe osha hii kitambaa,” akasema. “Hii mutu nasimama hapana neno. Vumbi ndio mbaya.”

Wariara aliweka karai nyuma ya nyumba, akaazimia kufua kingo tu. Akafua kingo. Ngigi alikuwa amelala katikati ya kitambaa, akimtazama. Ndipo Wariara akawaza kwamba kwa udongo ule usoni mkuu wa kambi hatamtambua, atasema ni mtu mwingine. Akalowesha kidole akampangusa uso. Akampangusa na masikio, maana udongo ulikuwa umeingia mpaka ndani. Ngigi alikuwa mtu wa kujipenda. Ng'ombe za watu alikama amevaa matambara, lakini siku ya kanisa kola yake ilitiwa wanga kama ya karani. Na hakuna mtu aliyempa Wariara mwili wa kuosha. Akachukua sabuni. Alilia kwa sauti huku anasugua, na mpishi wa memsahib akafunga dirisha la jikoni kwa heshima.

Alipoinua kichwa maji yalikuwa mekundu. Shati lilikuwa safi, na tundu halikuwepo. Ngigi alijitazama kifuani, kisha akamtazama mkewe, wala hakumlaumu. Wariara alichovya kidole katika maji yale akapaka pale pale, akapaka tena, lakini rangi haikushika. Baadaye memsahib alitaka karai lake, maji yakamwagwa mferejini.

Jumamosi mkuu wa kambi alikaa safu ya mbele. Filamu ya baiskeli ilipewa zawadi ya kwanza, na majaji walimsifu hasa yule Mwafrika nadhifu kando ya barabara. Kijana wa Denmark aliyeitengeneza alishukuru. Muhidin aliwasha taa zote, akamleta Wariara mbele. Ngigi alibaki kwenye kitambaa.

“Huyo ni bwana yangu,” Wariara akasema. “Mlisema alitoroka. Alipigwa risasi hapa.” Akagusa kifua chake mwenyewe.

Mkuu wa kambi alivaa miwani, akasogea, akamkagua Ngigi toka kola mpaka miguu, bila haraka na bila upendeleo.

“Ndiye,” akasema. “Namkumbuka sana. Mzima kabisa! Nimefurahi.” Akampa Wariara mkono. “Mwambie ajisalimishe, mama. Akija tu, mama yake ataenda nyumbani siku hiyo hiyo.”

Watu wakapiga makofi. Muhidin akaenda kufungasha filamu zake.

Jioni hiyo shuka zilifumuliwa zirudi hotelini. Mshono wa katikati ulipita kifuani mwa Ngigi, na Wariara ndiye aliyeufumua. Wageni waliolalia shuka hizo hawakulalamika.

Jumapili alipeleka uji. Wanjugu alikuja kwenye seng'enge akijishikilia kwa mikono miwili.

“Ngigi ameonekana?”

“Ameonekana, mama.”

“Ni mchafu?”

“Hapana. Ni msafi.”

Wanjugu alikohoa mpaka kikohozi kikaisha.

“Basi mbona haji kunitoa?” akauliza.

Wariara alipitisha kikombe kati ya nyaya, akakishikilia mpaka yule mzee akamaliza kunywa.