Ubao wa Njano

Nilitoka Jinja na ubao mmoja wa plastiki, wa njano, wenye mikanda minne ya kumfunga majeruhi asiteleze. Kwa siku tano hapa Mbale nilifundisha polisi wa barabarani na waendesha bodaboda: shingo kwanza, usimkunje mtu, usimtupe nyuma ya pikapu kama gunia la muhogo. Latif, bodaboda wa Namakwekwe, alijitolea kuwa mgonjwa wetu. Nilipomkwaruza nyayo kupima kama miguu ina hisia, alicheka mpaka darasa zima likavunjika mbavu. Afande Gaster akaupokea ubao kwa niaba ya kituo, akapiga saluti, akapigwa picha.

Wiki tatu baadaye nilirudi kuwakagua. Karibu na Nakaloke nikakuta lori la mahindi limemgonga Latif. Nilipiga magoti, nikamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Chezesha vidole vya miguu."

Akavichezesha vyote. Nikamshukuru Mungu.

Gaster akafika na ubao. Harufu ilitangulia. Magamba ya dagaa yalikuwa yamegandia juu yake, mafuta yanang'aa, na mkanda hata mmoja hakuna.

"Afande, hii ni nini?"

"Mama ya watoto alianika mukene kidogo tu, nesi. Mbao iko mzima. Mikanda tulifunga nayo mbuzi."

Tulimgeuza Latif polepole, tukamlaza ubaoni. Nikasema wasiinue, tupasue kwanza kitenge changu tumfunge. Lakini watu walikuwa wametoa simu wanarekodi, na Gaster alipenda kamera kuliko shingo ya mwenzake.

"Moja, mbili, tatu!" akahesabu, sawasawa na nilivyomfundisha.

Ubao ukainama. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa tu. Mwili wa Latif uliteleza juu ya mafuta yale, ukajipinda, ukaanguka kwenye lami.

"Pole, pole," akasema Gaster, akijifuta viganja kwenye suruali na kuvinusa. Nikamchukia mpaka vifungo vya sare yake.

Hospitalini daktari alinipokea kichwa, nikaenda miguuni. Latif alitazama dari, akajaribu kutabasamu.

"Haya nesi, kwaruza. Leo sicheki."

Nilikuwa nimeshakwaruza mara tatu.