Mgeni wa Fundi Saa

Kituo cha jamii cha mtaa wetu kina huduma kwa kila rika: watoto hupimwa uzito, vijana hufundishwa kompyuta, na wazee wapweke hupelekewa mtu wa kupiga nao soga. Fundi saa mstaafu alikwenda kujiandikisha kimyakimya. Yeye na mkewe walikuwa wamebakiwa na maneno mawili tu, "chakula" na "taa".

Aliyepangiwa kumtembelea alikuwa mkewe, ambaye naye alijitolea kituoni bila kumwambia mtu. Msimamizi alisema ratiba ikishabandikwa ukutani haibadiliki.

Basi Jumanne mama huyo alivaa kitambulisho, akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyumba na kubisha hodi mbele.

"Karibu, mama," fundi akasema, akimpisha kiti kizuri. "Hukupata shida kufika?"

"Hapana, baba. Ni karibu."

Wakaongea mpaka chai ikapoa. Fundi alimweleza jinsi macho yalivyofifia hata akaacha kazi, jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. Mgeni alilia kidogo, akaaga, akazunguka nyumba, akaingia jikoni kuosha vikombe.

Mumewe akamfuata. "Leo nimepata mgeni," alisema. "Mtu wa maana sana."

"Atarudi?"

"Jumanne ijayo. Ila siku hiyo, mama watoto, tafadhali toka kidogo. Nataka nizungumze naye kwa nafasi."

Mke akaendelea kusugua kikombe kwa wivu.

"Nitatoka," akasema, "lakini huyo mwanamke asizoee."