Giaboksi ya Ebeneza

Ebeneza lilifia njiani likiwa limebeba magunia ya mahindi, halikubeba mgonjwa, na watu wa kanisa wakasema Mungu ni mwema. Heri wangenyamaza. Wema mwingine huja mapema mno, ukamkuta mtu hajui pa kuuweka.

Ebeneza ni pikapu ya kanisa la Wakongomani wa Kivu ya Kusini pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, fo-wili kuukuu yenye kabini mbili na giaboksi ya otomatiki. Mtaa mzima ule unajua magari ya kubadilisha gia kwa mkono. Hili la kujibadilishia lenyewe walilipokea kama mkwe aliyetoka mbali, kwa fahari nyingi na bila kumwelewa. Shofa wake, Semahoro, alikuwa ameendesha malori ya ng'ombe kule Uvira ujana wake wote, na hili la Ebeneza alijifunza kuliendesha kwa kubahatisha. Siku ile injini ilinguruma, magurudumu yakatulia tuli, na harufu ya kuungua ikajaa kabini.

Mahindi hayakumpa hofu. Kilichompa hofu ni mkewe Alida, mimba ikiwa imefika mwisho mwisho. Mtoto wao wa kwanza, Benitha, alitolewa kwa kisu, na daktari aliwaambia waziwazi: huyu wa pili asizaliwe nyumbani wala hapa kambini, uchungu ukianza tu, Mbarara, hospitali kubwa. Njia ni vumbi na vilima mpaka uvuke Isingiro. Ambulansi huweza kuwa imekwenda na mgonjwa mwingine. Gari la kutegemea lilikuwa Ebeneza, basi.

Alimpigia simu Elly, fundi wa Nyamityobora mjini Mbarara, na Elly akapiga kelele: "Usivute na kamba, ssebo! Otomatiki ukivuta, unaimaliza kabisa. Pakia juu ya lori." Wakalipakia. Kule gereji Elly aliishusha giaboksi, akaifungua, akaanika sahani zake za klachi juu ya gunia. Zilikuwa nyeusi kama mkate ulioungua, na sili za mpira, zile za kuzuia mafuta yasivuje, zilivunjika mkononi.

"Banange, jamani, hii ilikufa zamani," alisema. "Ilikuwa inatembea tu kwa maombi yenu."

Semahoro hakucheka. Alilala gereji, akashika taa, akaosha vyuma kwa petroli, mpaka sahani mpya zikaingia, sili zikaingia, na giaboksi ikapanda mahali pake. Elly aliwasha injini, akaupitisha mkono wa gia kila mahali, akaurudisha kwenye P. Injini ikiwaka hivyo hivyo, akachomoa stiki ya kupimia mafuta, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena.

"Angalia hapa. Hii mafuta nyekundu ya giaboksi unapima injini ikiwa inawaka, na ikiwa moto. Ukizima, mafuta yote inarudi chini, stiki inakudanganya. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Alisikia kweli. Lakini kusikia si kazi, hata mbuzi anasikia.

Sasa ujue jambo moja la kanisa lile. Petroli ya Ebeneza hununuliwa kwa sadaka. Kuna wajane wanaouza maharage sokoni ili watie kitu kikapuni, na kwa hiyo ni mwiko gari kusimama huku injini inawaka. Shofa anayefanya hivyo hutajwa mbele ya ibada, na akitajwa mara moja watoto watamwimba mwaka mzima. Mlinzi wa mwiko huo ni shemasi Barnabé. Hakuwa mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya, maana mtu mbaya unabishana naye.

Jumamosi, siku chache baada ya kurudi, Semahoro aliliegesha Ebeneza uani kwa kanisa, akaacha injini iwake, akafungua boneti. Barnabé akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Semahoro, gari iko natembea ama iko nasimama?"

"Iko nasimama, shemasi. Niko napima mafuta ya bwate ya gia."

"Kule Uvira, ulikuwa unapima mafuta na moteri iko nawaka?"

"Hapana, lakini fundi..."

"Fundi wa Mbarara hatie kitu mu kikapo. Zima. Ile esanse unaunguza ni ya bajane."

Wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi mlangoni wakacheka. Mtu mzima, baba wa familia, akachekwa na wasichana wa kwaya! Semahoro aliona uso wake umepata moto. Akajiambia mafuta ni mafuta, malori yote aliyoendesha yalipimwa injini ikiwa imezimwa, na lini lori lilimdanganya? Akazima.

Akachomoa stiki. Mafuta yalikuwa yamepanda mbali juu ya alama.

Hapo ndipo shetani wa uzoefu alipomshika. Semahoro alijua kwamba mafuta yakizidi hupasua sili, na sili zile ni mpya. Elly ametia mingi, alisema moyoni. Akatafuta mpira mwembamba, akauingiza kwenye bomba la stiki, akanyonya mpaka kinywa kikamchachuka, akayatiririsha mafuta yale mekundu kwenye kidumu. Akapima, akatoa tena, akapima. Alipofika kwenye alama akapumua kama mtu aliyeokoa nyumba isiungue. Barnabé alikichukua kidumu akakifungia stoo ya kanisa.

"Unaona?" alisema. "Hata mafuta tumepata ya akiba. Mungu iko nalinda vitu yake."

Amina, walisema wanakwaya. Ee, jamani.

Tangu siku ile gari likaanza kusita. Asubuhi, ukiweka D, lilikawia kidogo, kisha likaruka mbele kwa kishindo. Kila mtu aliyepanda alikisikia. Alida mwenyewe, siku aliyopelekwa kupimwa, alishika dashibodi.

"Baba Benitha, mbona iko nachelewa?"

"Ni mupya. Itazoea."

Alijua haizoei. Usiku alilala macho wazi akiitafuta sauti ya Elly kichwani, ile iliyosema stiki inakudanganya, na kila alipoipata aliigeuzia mgongo. Angempigia, Elly angemuuliza swali moja tu, na swali hilo hakulitaka. Akajipa ahadi: Jumapili ibada ikiisha, ataenda na gari Mbarara.

Uchungu ulimshika Alida Alhamisi asubuhi.

Walimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, Nyiransengimana, aliyewazalisha wanawake wengi kule milimani kwao na ambaye asubuhi ile alikataa kusema neno. Barnabé alikaa mbele, maana shemasi humsindikiza mgonjwa, ndiyo desturi. Tambarare ya Nakivale waliivuka vizuri, ng'ombe wakiwapisha. Kilima cha kwanza gari lilikipanda likilalamika. Cha pili lilikipanda likitetemeka. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji mdogo wa Masha, mlio wa injini ukapaa juu ghafla kama umefunguliwa kamba, na Ebeneza likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu. Semahoro akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Kuna damu," alisema Nyiransengimana. Hilo ndilo neno lake la kwanza siku ile.

Lori la ndizi lilipita likiteremka, limejaa hadi juu. Gari dogo likapita likipanda, wala halikusimama. Semahoro akampigia Elly huku vidole vinakosa namba. Alieleza mbio mbio, na swali likaja lile lile aliloliogopa.

"Ulipima injini ikiwa inawaka?"

"Nilizima."

"Ulitoa?"

"Nilitoa."

"Mawe, mama wee! Ssebo, ulitoa damu yake! Tafuta mafuta nyekundu, duka yoyote ya spea Masha. Rudisha, na injini iwake. Itashika. Fanya haraka!"

Kijana wa bodaboda, Bob, alikuwa amesimama kushangaa. Alipotumwa mafuta mekundu na kuona ndani ya kabini, hakuuliza nauli, aligeuza pikipiki akapotea kilimani. Hapo ndipo Barnabé, kwa mazoea tu, masikini, akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Tuzime moteri kwanza, tuko natupa esanse..."

"Usiguse!" Semahoro alimpiga mkono shemasi wa Bwana. "Mafuta yako, mafuta yako, mafuta yako! Muke wangu iko nakufa, na weye unahesabu esanse!"

Barnabé aliurudisha mkono, akautazama kama si wake, akaanza kulia bila sauti. Nyuma, Alida aliita "Baba Benitha" mara moja, polepole, na Semahoro akajibu "Niko hapa, tunaenda sasa hivi," ingawa hawakuwa wanaenda popote. Hakuweza hata kwenda kumshika mkono. Angeondoa mguu kwenye breki, wangeteremka wote bondeni, maana breki ya mkono ya Ebeneza haikushika tangu zamani, na ile P hakuwahi kuiamini mlimani.

Bob alirudi na makopo kifuani. Barnabé ndiye aliyeshuka, akashika faneli, akamimina kwenye bomba la stiki huku injini inaunguruma, mafuta mengine yakimwagikia suruali yake ya kanisani. Hakusema lolote juu ya petroli. Kopo la kwanza likaisha, na la pili. Semahoro alivuta mkono wa gia kwenye D, akasubiri, na gari likashika. Lilishika kwa nguvu, safi, bila kusita hata kidogo. Akaachia breki, Ebeneza likapanda.

"Amina!" Barnabé alipiga kelele akirukia kiti chake. "Amina, Semahoro, imeshika!"

Semahoro alicheka kwa sauti, machozi yakimtiririka, akakanyaga mafuta mpaka kilele kikatokea na barabara ya Masha ikafunguka mbele, nyeupe na tupu. "Mama, mwambie Alida tumepanda," alisema. "Mwambie, tunafika sasa."

Alitazama kioo. Nyiransengimana alikuwa ameshafumba macho ya binti yake kwa kiganja, tumbo lile kubwa limetulia chini ya mkono wake mwingine, na sasa alikuwa anavuta kitenge juu kidogo kidogo, mpaka kikafika usoni.

"Tembeza polepole, mwana wangu," alisema. "Hatuna tena haraka."