X Nyekundu kwenye Muhugu

Mtu wa Gatwekera, kule mabandani Kibera, akiona X nyekundu haulizi maana yake. X ni tingatinga. Seline alishabomolewa nyumba mara mbili kwa alama hiyo, kwa hivyo alipoikuta asubuhi moja kwenye shina la muhugu, ndani ya msitu anaoulinda, moyo ulimlipuka paa! Akatazama mbele. Muhugu mwingine, X. Na ule wa kando ya kijito, X.

"Wameshauza," akasema kwa sauti.

Seline ni kibarua wa msimu. Mvua za masika zikianza, shirika la uhifadhi humwita atembee msituni akitafuta visiki vipya, mitego na matanuri ya makaa. Mwenzake ni Mulei wa Kawangware. Na Mulei, jamani, ana kaka mchongaji wa vinyago, na wachongaji hawaupendi mti wowote kama muhugu. Haya, sasa mkono wa koti la Mulei ulikuwa na rangi nyekundu. Mnataka nini tena?

"Sasa, Mama Hope," Mulei alimsalimia. "Jana ulipompeleka mtoto kliniki, madam Audrey wa ofisini alikuja. Hizi X..."

"Nimekuuliza?"

"Lakini lazima ujue..."

"Sitaki! Fanya yako, nifanye yangu."

Mulei akainua mabega, akashika njia ya upande wake. Huyo ndiye Seline. Akishashuku, ameshuku, umletee ukweli kwenye sahani, atauliza nani kapika. Alingoja Mulei apotee, akachomoa panga, akakwangua X moja baada ya nyingine na kupaka matope juu yake, huku akimtukana kimoyomoyo. Aliona raha kweli. Wanunuzi wakija, watatafuta mali yao mpaka wachoke.

Jumatatu, akiwa bado njiani, alisikia msumeno wa injini ukinguruma. Akatoka mbio. Lo! Vijana wa kibarua walikuwa wanaangusha mikaratusi, ile miti ya kigeni inayokausha vijito, na katikati ya mikaratusi ile ulikuwa umelala muhugu, mkubwa kuliko wote wa kijitoni.

"Acheni! Wezi nyinyi!"

Kijana mmoja akazima msumeno, akamshangaa. "Ofisi ilituambia tukate yote, mathe, tuache tu yenye X. Huu hauna."

Mulei alifika akihema, akainama, akapapasa shina mpaka matope yakamjaa vidoleni.

"Hapa niliweka alama mwenyewe," akasema. "Nani amefuta?"

Seline angeweza kuwasingizia wale vijana. Wazo hilo lilimjia, tusidanganyane.

"Ni mimi," Seline akasema. "Nilidhani unawauzia wachongaji."

Mulei hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Tumetembea huu msitu misimu mitatu, Mama Hope. Kuna mti uliona nimekata?"

Seline akatikisa kichwa.

"Sasa ni juu ya nini? Juu bro anachonga, ama juu mimi ni Mkamba?"

Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Alitaka kumwambia ni ile X, ni nyumba zake mbili, ni tingatinga, na yote hayo yalikuwa kweli. Lakini angemkuta mtu wa kwao, wa kabila lake, na rangi hiyo mkononi, angemuuliza kwanza.