Kiangazi cha Kurusha Ndege Chali

Kaka yangu Lowell ndiye aliyenifundisha kurusha ndege ndogo za kuchezea, zile za waya, kiangazi cha mwaka hamsini na saba, uwanjani nyuma ya kanisa letu kule Ohio. Ndege yenyewe ya mbao nyepesi, injini puani, nyaya mbili nyembamba zikiiunganisha na mshikio ulio mkononi mwako. Unasimama katikati, inakuzunguka. Ukiinua mshikio inapanda, ukiinamisha inashuka.

Hayo niliyaweza upesi. Kilichonishinda ni kuirusha chali, matairi yakitazama mbinguni, maana hapo kila kitu hugeuka: ukiinua, inashuka. Nilivunja ndege mbili. Nikiona tu ardhi inakaribia, mkono wangu unainuka wenyewe, na ndege inajichimbia udongoni.

"Arlene, unapanda viazi?" Merle, jirani yetu, alinitania mbele ya watu.

Lowell hakucheka. Aliokota mabaki ya ndege, akayashika chali juu ya kichwa chake, akaniambia, "Shika mshikio, dada. Mimi ndiyo injini."

Akaanza kukimbia akinizunguka, mtu mzima, dereva wa basi mwenye kitambi chake, akinguruma kwa mdomo, "Vruuuu!" Nikiinua mshikio, anainama. Nikiinamisha, ananyoosha mikono juu.

"Utaanguka wewe!" nilimwambia.

"Nyamaza, rusha ndege!"

Alikimbia mpaka akakaa chini kwenye nyasi, anahema, shati limelowa.

Jumapili iliyofuata nilirusha ndege yake mwenyewe. Niliipandisha, ikapinduka, ikawa chali ikirudi ilikotoka, nami nikaanza kuzunguka upande mwingine. Ikashuka kidogo. Safari hii mkono uliinama. Ikapanda!

"Ndiyo hiyo!" Lowell alipiga kelele. "Sasa igeuze!"

"Siwezi! Nimesahau!"

Kwa kweli nilisahau. Nilizunguka nayo hivyo hivyo mpaka mafuta yakaisha, injini ikanyamaza, ndege ikateleza kwenye nyasi kwa mgongo na kuvunja mkia. Lowell alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hata Merle alinipigia makofi.

Mwaka uliofuata Lowell alihamia California kwa kazi, na uwanja ule ukajengwa nyumba. Niliendelea kurusha kwingine, na wengi walinisifu. Lakini nikisimama katikati ya duara, bado nasikia ile injini yake ya mdomo, nami hutamani niione tena sura yake, nyekundu kwa jua, ikipita mbele yangu.